Namna ya Kutumia Altrasaundi Kuchunguza Kiwiko Kilichoumia kwa Mtoto Mdogo

Sehemu kubwa ya kiwiko cha mtoto mdogo bado haijawa mfupa. Ni gegedu, na gegedu halionekani katika picha ya eksirei, kwa hiyo mahali ambapo kiungo chenyewe kipo, picha huonyesha nafasi tupu. Kiini cha kwanza cha mfupa hujitokeza katika kapitelamu mtoto anapokaribia mwaka 1. Kichwa cha radiasi hufuata kati ya miaka 3 na 5, epikondili ya ndani kwenye miaka 5 hivi, troklea kati ya miaka 7 na 9, olekranoni kwenye miaka 9 hivi, na epikondili ya nje huwa ya mwisho, kwenye miaka 11 hivi, wasichana wakiwatangulia wavulana. Daktari anayesoma eksirei ya mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo, anakisia mahali ilipo nusu ya kiungo kutokana na nusu nyingine inayoonekana.

Altrasaundi huliona gegedu. Huona pia uso wa mfupa, majimaji ndani ya kiungo, mafuta, misuli na mishipa ya damu, tena haitumii mionzi na inaweza kufanywa mtoto akiwa amepakatwa na mzazi wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari, matabibu na wataalamu wa picha za tiba wanaowahudumia watoto walioumia, ambao tayari wanajua misingi ya kipimo hiki. Nia yake si kuiondoa eksirei. Ninachosisitiza ni kwamba altrasaundi ya kiwiko husaidia pale tu mpimaji anapojua swali analouliza kabla ya kupaka jeli, na kwamba swali la kwanza, karibu mara zote, liko nyuma ya kiwiko: je, pedi ya mafuta imeinuka?

Kwa kuwa majina ya mifupa yatajirudia, ni vizuri yawe wazi tangu sasa. Hyumerasi ni mfupa wa mkono wa juu. Radiasi na alna ni mifupa miwili ya kigasha, radiasi ikiwa upande wa kidole gumba. Mwisho wa chini wa hyumerasi una kapitelamu upande wa nje, inayokutana na kichwa cha radiasi, na troklea upande wa ndani, inayokutana na alna. Epikondili ni vinundu vya mfupa vinavyochomoza pembeni mwa mwisho huo, kimoja ndani na kimoja nje. Olekranoni ni ile ncha ya alna inayochomoza nyuma unapokunja mkono, na juu yake, mgongoni mwa hyumerasi, kuna shimo ambamo ncha hiyo huingia mkono unaponyooshwa. Shimo hilo ndilo makao ya pedi ya mafuta.

Kabla ya kushika probu

Anza na maelezo ya tukio, kwa sababu namna mtoto alivyoumia hubadilisha uzito wa kila utakachokiona kwenye skrini. Mtoto wa miaka mitano au sita aliyeanguka kutoka mahali pa juu na kutua kwenye kiganja mkono ukiwa umenyooka ana uwezekano mkubwa wa kuvunjika hyumerasi juu kidogo ya kiwiko, mvunjiko ambao ndio wa kawaida zaidi kuliko yote ya kiwiko utotoni. Mtoto wa miaka miwili aliyevutwa mkono ghafla ili asianguke, akalia kidogo kisha akaacha kuutumia mkono huo bila uvimbe wowote, ana hadithi nyingine kabisa. Na mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa, lakini ana kiwiko kilichovimba na hakuna anayeweza kueleza kilichotokea, anahitaji kuangaliwa kama mtoto ambaye huenda ameumizwa. Hapo utaratibu wa ulinzi wa watoto uanze sambamba na uchunguzi wa mwili.

Mtazame mtoto akiwa mbali kabla ya kumgusa. Kiwiko kilichopinda waziwazi, ngozi iliyochanika juu ya mfupa, au kiganja kilichopauka na kuwa baridi ni mambo yanayompeleka mtoto moja kwa moja kwa daktari wa mifupa na kwenye eksirei, mkono ukiwa umefungwa banzi katika mkao ulivyokutwa. Katika hali hizo altrasaundi haina cha kuongeza kinachostahili kuchelewesha huduma.

Kagua mapigo kwenye kifundo cha mkono, joto na rangi ya kiganja, na muda ambao damu inachukua kurudi kwenye ncha ya kidole ulichokibonyeza. Kisha kagua neva, na kwa mtoto anayeweza kuiga, njia bora ni mchezo. Mwombe afunge ngumi, na hapo utapata habari za neva ya kati. Anyooshe vidole na kifundo cha mkono, na hiyo ni kazi ya neva ya radiasi. Atanue vidole kama mkasi, na hiyo ni neva ya alna. Mwisho aunganishe ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada kufanya duara, viungo vya nchani vikiwa vimejikunja vizuri. Duara hilo lisipuuzwe, kwa maana tawi la neva ya kati linaloliwezesha ndilo huumia mara nyingi katika mivunjiko ya juu ya kiwiko, na kwa kuwa tawi hilo halihusiki na hisia za ngozi, mtoto hatalalamika ganzi. Andika ulichokipata kabla ya mtu yeyote kuusogeza mkono.

Dawa ya maumivu itangulie kipimo. Paracetamol kwa mdomo miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, au ibuprofen miligramu 10 kwa kila kilo kwa mtoto asiye na kizuizi, hutosha kwa wengi, na wenye maumivu makali wapewe dawa yenye nguvu zaidi kulingana na utaratibu wa kituo. Kipimo kinachofanywa kwa mtoto anayejinyonganyonga kwa maumivu hutoa picha mbaya, na picha mbaya huleta uamuzi mbaya.

Mashine, mkao na mtoto mwenyewe

Chagua probu, yaani kile kishikio cha mashine kinachowekwa juu ya ngozi, yenye uso bapa na masafa ya juu, kati ya megahezi 10 na 15 hivi; iliyo ndogo zaidi kati ya zilizopo ndiyo itakayokaa vizuri juu ya mkono mdogo. Weka mashine kwenye mpangilio wa misuli na mifupa, punguza kina hadi sentimita 2 au 3, na uweke fokasi kwenye usawa wa uso wa mfupa. Kosa la kawaida ni kuacha kina cha sentimita 5 au 6 kilichobaki kutoka kwa mgonjwa aliyetangulia, na matokeo yake ni kiwiko kinachoonekana kama mkwaruzo juu ya skrini huku nafasi yote ya chini ikiwa giza tupu.

Jeli iwe ya uvuguvugu na ya kutosha kiasi kwamba probu ielee juu yake bila kuikandamiza ngozi. Safu nene ya jeli hufanya kazi mbili: humpunguzia mtoto maumivu, na huzuia shinikizo la probu lisiyasukume majimaji nje ya eneo unalolitazama. Kama kuna mchubuko, funika probu kwa kifuniko safi na utumie jeli isiyo na vijidudu.

Mtoto apakatwe na mzazi au mlezi, kiwiko kikiwa kimekunjwa kwa pembe ya nyuzi 90, kiganja kikiwa kimelala juu ya meza au juu ya tumbo lake mwenyewe, ili mgongo wa kiwiko uelekee kwako. Pembe hiyo ina sababu yake. Mkono ukinyooka, olekranoni huingia ndani ya shimo na kuisukuma pedi ya mafuta nje hata kwa mtoto mzima wa afya, nawe utaona kuinuka kusiko kwa kweli. Mtoto asipoweza kufika nyuzi 90 usimlazimishe. Pima kwa mkao anaouvumilia, uandike mkao huo, na uyapunguzie matokeo uzito.

Napendekeza sana uanze na kiwiko kizima. Mtoto huona kuwa kitu hicho hakiumi, nawe unapata picha yake ya kawaida ya kulinganishia, ambayo ina thamani kuliko picha yoyote ya kitabuni, kwa kuwa umbo la viini vya mfupa na unene wa gegedu hutofautiana mno kati ya mtoto wa mwaka mmoja na wa miaka minne.

Nyuma ya kiwiko

Weka probu kwa urefu mgongoni mwa mkono wa juu, katikati, mwisho wake wa chini ukigusa karibu na ncha ya olekranoni, na alama ya probu ikielekea begani. Kuanzia juu ya skrini utaona ngozi na mafuta yaliyo chini yake, kisha msuli wa trisepsi wenye mistari, kisha mstari mweupe mkali ambao ni uso wa hyumerasi, ukiwa na kivuli cheusi nyuma yake. Fuata mstari huo kuelekea kwenye kiwiko. Utafika mahali unapozama na kufanya bonde. Hapo umefika kwenye shimo la olekranoni, na ndani ya bonde hilo kuna kitu cheupe chenye umbo la pembetatu, ambacho ni pedi ya mafuta. Gegedu la troklea huonekana upande wa chini likiwa jeusi au kijivu cha giza, lenye vitone vidogo vyeupe ndani yake na ukingo laini.

Sasa chora kwa mawazo mstari unaoendeleza uso wa hyumerasi juu ya mdomo wa bonde. Pedi iliyo chini ya mstari huo, au inayofikia usawa wake bila kuuvuka, ni ya kawaida. Pedi iliyouvuka kuelekea kwenye msuli wa trisepsi imeinuka. Kinachoiinua ni majimaji, ambayo baada ya ajali huwa ni damu kutoka kwenye mfupa uliovunjika: damu hujaa ndani ya mfuko wa kiungo na kuipandisha pedi kama maji yanavyoupandisha mtumbwi. Utayaona majimaji hayo yakiwa tabaka jeusi au la kijivu kati ya pedi na sakafu ya bonde.

Usiishie hapo. Geuza probu nyuzi 90 ili ikate mkono kwa upana, juu kidogo ya ncha ya olekranoni. Sasa bonde linaonekana kati ya kingo mbili nyeupe za mfupa, na mstari wa kufikirika unaunganisha vilele vya kingo hizo. Pitisha probu polepole kutoka upande wa ndani hadi wa nje, na kutoka juu hadi chini, kwa sababu majimaji machache huweza kuinua upande mmoja tu wa pedi. Kuinuka kunakoonekana katika mikato yote miwili kunaaminika zaidi kuliko kule kunakoonekana katika mkato mmoja.

Kuna alama ya pili ya kutafuta wakati huohuo. Uboho una mafuta, na mfupa ulio ndani ya mfuko wa kiungo ukivunjika, mafuta hayo huchanganyika na damu. Majimaji yenye vitone vyeupe vinavyoelea, au yaliyojipanga tabaka jeupe juu ya tabaka jeusi, huashiria mvunjiko hata kama hujauona ufa wenyewe. Mtulize mtoto kwa dakika moja au mbili ukitaka tabaka hizo zijitenge.

Jinsi ya kuyaamini unayoyaona

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013, uliowahusisha watoto na vijana 130 walioumia kiwiko na kupimwa na madaktari wa idara ya dharura, ulipata kwamba kuinuka kwa pedi ya nyuma au kuwepo kwa mafuta ndani ya damu kuliwatambua asilimia 98 ya waliokuwa na mvunjiko, lakini kati ya wasiokuwa na mvunjiko ni asilimia 70 tu waliotambuliwa kuwa wazima. Takwimu hizo mbili zisomwe pamoja. Ya kwanza inasema kwamba pedi iliyolala mahali pake ni habari njema yenye nguvu. Ya pili inasema kwamba pedi iliyoinuka si uthibitisho wa mvunjiko, kwa kuwa kiungo kilichogongwa tu, au chenye maambukizi, nacho hujaa majimaji. Mtoto mwenye homa, asiye na historia ya kuumia, mwenye kiwiko cha moto chenye majimaji, anashukiwa kuwa na usaha ndani ya kiungo hadi ithibitishwe vinginevyo, na picha ya altrasaundi haiwezi kutofautisha usaha na damu kwa uhakika.

Habari njema nayo ina mipaka. Pedi huweza kubaki mahali pake ingawa mfupa umevunjika, na sababu zake zinaeleweka: mfuko wa kiungo huweza kuchanika katika ajali kubwa na damu ikavuja nje, mvunjiko huweza kuwa nje ya mfuko, kama ule wa epikondili ya ndani, na mtoto huweza kufikishwa mapema mno kabla damu haijakusanyika. Kwa hiyo kidole chako bado kina kazi. Mahali ambapo mtoto anaruka kwa maumivu ukipabonyeza kidogo ndipo probu iende baada ya kumaliza nyuma, na maumivu hayo ya sehemu moja yanatosha kuombea eksirei hata kama pedi imetulia kabisa.

Kuutafuta mvunjiko wenyewe

Uso wa mfupa mzima ni mstari mweupe usiokatika. Mvunjiko huonekana kama pengo, ngazi au mpindo mkali katika mstari huo, mara nyingi pamoja na kidimbwi cheusi cha damu kilichokaa juu yake. Mpimaji mgeni hudanganywa zaidi na bamba la ukuaji, yaani tabaka la gegedu ambapo mfupa hukua, ambalo nalo ni pengo katika mstari mweupe. Tofauti ni kwamba kingo za bamba huteremka kwa mviringo laini, hakuna damu juu yake, na pengo kama hilohilo lipo upande wa pili.

Nyuma, fuata uso wa hyumerasi juu ya shimo kwa urefu, ukisogea toka ukingo wa ndani hadi wa nje. Kisha nenda mbele, kiwiko kikiwa kimenyooka kadiri mtoto anavyovumilia, uweke probu kwa urefu juu ya mkunjo wa kiwiko. Katika mvunjiko wa juu ya kiwiko kipande cha chini karibu kila mara hurudi nyuma, kwa hiyo ngazi hujionyesha vizuri mkato wa mbele ukilinganishwa na wa nyuma. Gartland aliyapanga majeraha haya katika aina tatu mwaka 1959, ya kwanza ikiwa ile ambayo vipande havijahama, na ni katika aina hiyo ya kwanza altrasaundi inaonyesha faida yake, kwa kuwa eksirei yake huweza kuonekana safi kabisa isipokuwa kwa pedi ya mafuta iliyoinuka. Ukiwa bado mbele, pindisha probu kwa upana na uitafute ateri kuu ya mkono, iliyo upande wa ndani wa kano la bisepsi. Rangi za dopla zitakuonyesha kama damu inapita, lakini mapigo ya kifundo na joto la kiganja ndivyo vinavyoamua uharaka.

Mvunjiko wa kondili ya nje, yaani sehemu ya nje ya mwisho wa chini wa hyumerasi yenye kapitelamu, unastahili muda zaidi, kwa sababu ndio unaodharauliwa na ndio unaoadhibu. Ni wa pili kwa wingi, hutokea zaidi kabla ya mtoto kufikisha miaka kumi, na sehemu kubwa ya kipande kilichovunjika ni gegedu, hivyo eksirei huweza kuonyesha kipande chembamba tu cha mfupa kilichobanduka huku ufa ukiwa umepenya hadi ndani ya kiungo. Weka probu kwa urefu upande wa nje wa kiwiko, mwisho mmoja juu ya hyumerasi na mwingine juu ya kichwa cha radiasi. Ukiona ngazi katika uso wa mfupa, usiiache. Ifuate inavyoshuka ndani ya gegedu jeusi na uulize kama uso wa gegedu, pale linapokutana na kiungo, bado ni mstari mmoja usiokatika. Gegedu likiwa zima, kipande kimeshikiliwa na huenda kisihame. Gegedu likiwa limekatika, kipande kiko huru, na kinaweza kuhama hata ndani ya plasta. Pima umbali wa pengo na uuandike kwa milimita, kwa kuwa madaktari wengi wa mifupa huchukua kuhama kwa zaidi ya milimita 2 kuwa sababu ya kufikiria upasuaji. Matokeo haya yampeleke mtoto kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Mkato huohuo wa nje hukuonyesha kama kichwa cha radiasi kinaelekea kwenye kapitelamu ipasavyo. Kikiwa kimehama, peleka probu chini na uifuate alna kwa urefu wake wote hadi kwenye kifundo cha mkono, kwa maana kichwa cha radiasi kilichotoka mahali pake na alna iliyovunjika ni jeraha moja lenye sehemu mbili, na sehemu ya pili husahaulika kirahisi kiwiko kinapokuwa ndicho kinacholalamikiwa. Upande wa ndani, angalia epikondili kama iko mahali pake ukilinganisha na mkono mzima, hasa kwa mtoto mkubwa kidogo ambaye kiwiko chake kiliteguka kisha kikarudi. Kipande chake huweza kunasa ndani ya kiungo.

Mkono uliovutwa

Kwa watoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 4, sababu ya kawaida ya kuacha kuutumia mkono ni kuteleza kwa kano la mviringo linalokizunguka kichwa cha radiasi. Mkono ukivutwa ukiwa umenyooka, kano hilo huteleza na kunasa kati ya kichwa cha radiasi na kapitelamu. Hadithi ikiwa wazi, uvimbe usipokuwepo na mtoto asipokuwa na maumivu ukibonyeza hyumerasi, hakuna haja ya picha yoyote, rudisha kiungo. Altrasaundi ina nafasi yake pale hadithi inapokuwa na mashaka: hakuna aliyeona, au mtoto ameanguka na kuvutwa kwa pamoja, au jaribio la kwanza la kurudisha halijafaulu.

Anza nyuma kama kawaida. Katika mkono uliovutwa pedi ya mafuta kwa kawaida hukaa mahali pake, na ikiwa imeinuka, acha kabisa kuusokota mkono hadi eksirei ipatikane. Pedi ikiwa ya kawaida, nenda mbele upande wa nje, uweke probu kwa urefu ili kapitelamu na kichwa cha radiasi vionekane katika picha moja, vikiwa vimetenganishwa na nafasi nyembamba. Juu ya kichwa cha radiasi hulala msuli wa supineta. Kwa mtoto mzima ukingo wa msuli hupita juu ya kiungo bila kuingia. Kwa mtoto ambaye kano limenasa, kano huvuta ukingo wa msuli ndani ya nafasi ile, nao hujikunja na kufanya umbo la ndoano. Nafasi yenyewe huonekana pana kuliko ya upande mzima. Ndoano naiamini zaidi ya upana, kwa kuwa upana hubadilika probu ikiinama kidogo tu.

Ili kurudisha, shika kiwiko kwa mkono mmoja, kidole gumba kikiwa juu ya kichwa cha radiasi, na kwa mkono mwingine ugeuze kigasha ili kiganja kiangalie chini, kwa nguvu ya taratibu hadi mwisho wa mzunguko. Ushahidi unaelekea kuipendelea njia hii kuliko ile ya kukigeuza kiganja juu na kukunja kiwiko, kwa kuwa hufaulu mara nyingi zaidi kwenye jaribio la kwanza. Mara nyingi utasikia mlio mdogo chini ya kidole. Mpe mtoto nafasi ya kucheza, na wengi huanza kunyoosha mkono kushika kitu ndani ya robo saa. Kama hafanyi hivyo, rudia mkato wa mbele: ndoano ikiwa imeondoka, subiri zaidi, ikiwa bado ipo, jaribu tena, na baada ya majaribio mawili yasiyofaulu, piga eksirei na ufikirie upya utambuzi wako.

Watoto wachanga na wasiozidi miaka miwili

Hapa ndipo altrasaundi inaizidi eksirei waziwazi. Kiwiko cha mtoto wa umri huu ni vigumu kuteguka, kwa sababu bamba la ukuaji ni dhaifu kuliko kano zinazokishikilia kiungo. Nguvu ambayo ingemtegua mtu mzima hubandua ncha yote ya gegedu la hyumerasi kutoka kwenye mfupa wake. Kwenye eksirei kinachoonekana ni radiasi na alna zilizohama pamoja, na msomaji huandika kwamba kiwiko kimeteguka. Kwenye altrasaundi ukweli hujitokeza: kichwa cha radiasi bado kinaelekea kwenye kapitelamu ya gegedu, troklea bado inakutana na alna, ila kifurushi chote cha gegedu kimehama kutoka kwenye mwisho wa hyumerasi, kwa kawaida kuelekea nyuma na ndani. Tumia mikato ya nyuma na ya nje, na ulinganishe na mkono wa pili bila kukosa.

Jeraha hili huweza kutokea wakati wa uzazi mgumu. Nje ya hapo, kwa mtoto asiyetembea, lina uhusiano unaojulikana na kuumizwa na mtu mzima, na aliyeligundua ana wajibu wa kumlaza mtoto, kumwita daktari wa watoto mwenye ujuzi wa masuala hayo, na kuagiza uchunguzi wa mwili mzima. Mzungumzie mzazi kwa heshima na bila kumshutumu, lakini usimruhusu mtoto aondoke.

Kutoka kwenye picha hadi kwenye uamuzi

Pedi ikiwa imeinuka, au ufa ukiwa umeonekana, mkono ufungwe banzi na eksirei ya kiwiko ipigwe, mbele na ubavuni. Eksirei isipoonyesha kitu, usimwambie mzazi kwamba hakuna mvunjiko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia watoto 45 ambao eksirei zao zilionyesha pedi ya nyuma iliyoinuka bila mvunjiko wowote mwingine kuonekana, na 34 kati yao baadaye walithibitika kuwa walivunjika. Mtoto wa namna hiyo atunzwe kama aliyevunjika: banzi, tanzi la kuutegemeza mkono, na kuonwa tena baada ya siku 7 hadi 10.

Pedi ikiwa imelala, mifupa ikiwa haina ngazi, mtoto akiwa hana maumivu ya sehemu moja na anakunja na kunyoosha kiwiko chake vizuri, vituo vyenye wapimaji wazoefu huweza kumruhusu bila eksirei, mradi mzazi anaelewa wakati wa kurudi. Mpimaji ambaye bado anajifunza asiutumie uhuru huo. Apime, aandike jibu lake, kisha apige eksirei na kulinganisha, akiendelea hivyo chini ya usimamizi hadi majibu yake na ya mtaalamu yawe yanakubaliana mara kwa mara.

Ripoti iseme mkono upi, mkao wa kiwiko wakati wa kupima, hali ya pedi katika mikato yote miwili, majimaji na mwonekano wake, sehemu za mfupa zilizotazamwa na zile ambazo mtoto hakuruhusu, ulinganisho na upande mzima, pamoja na hali ya mapigo na neva kabla na baada. Hifadhi angalau picha mbili za nyuma, ya urefu na ya upana, za kila mkono. Mzazi aelezwe amrudishe mtoto mara moja, hata usiku, iwapo vidole vinapauka, vinakuwa vya baridi au vinakufa ganzi, mtoto akilia kila vidole vyake vinaponyooshwa, au akizidi kutotulia na kuhitaji dawa ya maumivu mara kwa mara zaidi, kwa kuwa mtoto ambaye hajui kueleza shinikizo linaloongezeka ndani ya misuli ya kigasha huonyesha hivyo.